Hema la Sita

Walukuba, Jinja
Jumapili, 9 Machi

Kwa mdogo wangu mpendwa Lillian,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa majirani wa hapa wanaokuulizia kila mara. Shemeji Gaster hajambo? Watoto wamepona kikohozi? Na mama, baridi ya huko juu ya Mbale imemkubali, au bado anaililia Budondo yake? Mimi ni mzima. Cherehani inazunguka na macho bado yanaliona tundu la sindano, namshukuru Mungu.

Utashangaa kwa nini naandika barua na simu ninayo. Kwenye simu ningekata kabla ya kufika ninapotaka kufika. Ashiraf anapanda Mbale kesho na mzigo wake wa vitambaa, atakukabidhi mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Lillian, nina wivu nawe. Bora niliseme mapema.

Siku ya ufunguzi wa kambi yenu ya wageni nilisimama ukingoni mwa korongo lenu, mbuga yote iko chini yangu, nikayatazama mahema yako matano. Vitanda vya mbao, mazulia, bafu lenye miguu ya shaba! Nikacheka peke yangu. Sisi tuliokulia kambi ya jeshi tukililia nyumba ya matofali, leo watu wanavuka bahari waje kulala chini ya turubai, na wanaiita raha. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mahema yale niliyashona mimi.

Unaikumbuka karakana ya baba. Afande Mugweri alikuwa fundi hema wa jeshi, na aliyekaa miguuni pake akipaka uzi nta ni mimi. Wewe ulikuwa ukidungwa kidogo tu unakimbilia kwa mama. Ni mimi niliyefundishwa kwamba mshono wa paa hukunjwa mara mbili, hushonwa mara mbili, kisha hupakwa nta, la sivyo mvua itaingia kama mwenye nyumba. Wewe ukapelekwa kusomea hoteli, mimi nikabaki na sindano. Sikulalamika.

Kisha yule mgeni mwenye kofia pana akaligusa turubai, akakuuliza limetoka wapi. Nilikuwa nyuma yako na sinia la sambusa. Ukamjibu bila kupepesa macho kwamba mahema mmeyatoa Nairobi. Ukanigeukia, ukamwambia huyu ni dada yangu, amekuja kutusaidia jikoni. Nikatabasamu, nikazitembeza sambusa mpaka zikaisha.

Tangu siku hiyo kila picha uliyonitumia ilinichoma. Zulia jipya, roho ikaniuma. Gaster kakununulia viatu vya kupandia mlima, roho ikaniuma. Mimi naletewa sare za shule nipunguze kiuno, wewe unakunywa chai na korongo zima mbele yako. Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, ndiyo maana sikujiona hasidi. Na Januari, uliponiagiza hema la sita, nilikubali haraka.

Alhamisi ulinipigia ukicheka. Ukasema hema la sita hukuwapa wageni, umemweka mama, apate kuwa karibu nawe. Ukalalamika kwamba uzee umemwingia: analala kichwa kikiwa upande wa miguuni, na pale pa mto ameweka beseni jekundu la plastiki. Ukitaka kuliondoa anakasirika, anasema ni la kukandia miguu, na miguu yake iko huko. Ukaniomba niseme naye, maana mimi ananisikia.

Mdogo wangu, mama hajazeeka. Aliishi miaka ishirini na fundi hema. Siku ya kwanza alilala chali, akatazama juu, akauona mshono wangu. Nimeukunja mara moja, nimeushona mara moja, na nta sikupaka. Pale pale juu ya mto. Nilifanya makusudi, ili mvua za Machi zikimkuta mgeni wako kitandani, umwambie tena kwamba mahema yametoka Nairobi.

Juzi nilikusihi umlaze mama ndani ya nyumba, nikasingizia baridi. Ukasema amekataa katakata. Najua kwa nini: akitoka yeye utaingiza mgeni, na mgeni akilowa utanijua. Leo baada ya kanisa amenipigia kama kawaida yake, akaniuliza kama ninakula vizuri. Kuhusu paa hakusema neno. Nilimsikia anakohoa, nikashindwa hata kumwomba radhi.

Kwa hiyo mwambie unajua. Mwambie nimekuandikia mwenyewe kwa mkono wangu, hana tena cha kulinda, atoke alale pakavu. Jumatano nitafika na sindano ya baba na nta, niufumue ule mshono nianze upya. Kama hutaki niingie kwako, nitolee turubai mpaka barabarani, nitashona nimekaa hapo hapo.

Msalimie sana Gaster. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao asiye na adabu, maana mama mkubwa sijui kama bado wataniita. Mama mkande miguu kwa maji ya moto, na beseni lake usilitupe.

Ni mimi dada yako,
Docus Mugweri,
niliyeyashona yote sita.