Tarehe na Sahihi

6 Machi

Mwanangu Bi Maswali,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Mimi mzima. Goti la kushoto hunikumbusha umri kila asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Mkwe wangu hajambo? Na mjukuu wangu, lile jino la mbele limeota au bado anapitisha ulimi pengoni?

Uliniuliza habari za nyumbani. Nimefungua shajara nikunakilie kama ilivyo, nisije nikasahau hata moja.

Februari 12. Mlango wa jikoni umevimba kwa mvua. Haufunguki bila bega.

14. Bomba la jikoni linadondosha. Nimelifunga kitambaa mdomoni, matone yanateremka bila kelele.

17. Sisimizi ndani ya sukari. Nimehamisha kopo, nao wamehama.

19. Fundi bomba amesema atakuja kesho.

20. Fundi bomba amesema kesho.

23. Fimbo ya pazia la sebuleni imeanguka, na pazia lake.

27. Redio ya jirani, yule fundi cherehani, toka saa moja asubuhi. Wimbo ule ule.

Machi 2. Nimeteleza bafuni. Nikashika ndoo, ndoo nayo ikaja. Hakuna hasara isipokuwa ndoo.

Huyo fundi bomba mtaa mzima sasa unamwita Kesho, na akiitwa hivyo anaitika. Wasalimie wote.

Baba yako


15 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na jino limeota, limeota upande, lakini limeota. Mkweo anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu niliisoma kwa sauti ili mume wangu asikie, na nilipofika kwenye ndoo sikuweza kuendelea. Baba, umeanguka bafuni, ukaiandika kana kwamba ni sisimizi!

Tangu mama atutoke huu ni mwaka wa pili, na kila barua yako ni kilio kimoja. Desemba ilikuwa kitasa. Januari paa. Sasa mlango, bomba, pazia, na wewe mwenyewe chini sakafuni. Nyumba inakuangukia kipande kipande na uko ndani peke yako. Hapa mimi nikisikia mvua, nakaa kuuwaza mlango wako.

Kwa hiyo tumeshaamua. Chumba cha nyuma tumekitoa masanduku. Mume wangu amekipaka rangi nyeupe, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, na shingo bado inamuuma. Jumamosi ya tarehe 20 Aprili tunakuja kukuchukua na gari la rafiki yake. Anza kupanga vitu vyako pole pole. Nakujua, tafadhali usibishe.

Mwanao


24 Machi

Mwanangu,

Sijambo, goti nalo halijambo. Mpe mkwe wangu pole ya shingo, na umwambie nimeguswa kweli na hiyo mikono miwili ya rangi. Wengine wangepaka mmoja.

Lakini kilio? Mimi nilidhani nakuchekesha.

Nimekaa siku nne na barua yako, ndipo nikaona kosa liko wapi, na ni langu. Unajua nilifanya kazi kwenye mtambo wa kusukuma maji miaka thelathini na moja. Pale tulikuwa na daftari la zamu. Huandiki jinsi mtambo unavyokwenda. Hakuna mwenye nafasi ya kusoma kwamba pampu inazunguka. Unaandika kilichoharibika. Zamu ikipita salama unaandika tarehe, unatia sahihi, unakwenda zako. Mkono ukishazoea hivyo, ndivyo unavyoandika na ya nyumbani. Sikuwahi kulifikiria mpaka uliponiambia ninalia.

Toka Februari 12 hadi Machi 2 ni siku kumi na tisa. Nilikunakilia nane. Zile kumi na moja nyingine zina tarehe na sahihi tu, nikaona hakuna cha kunakili.

Chukua tarehe 13. Tupu. Nimejilazimisha kukumbuka ilikuwaje. Asubuhi mvua ilikatika, nikaanika shuka. Fundi cherehani alinikazia kifungo cha koti, hakutaka hata asante, akataka drafti. Nikamfunga mara mbili. Akasema, "Mzee, leo macho yananisumbua." Nikamwambia, "Pole, jana yalikusumbua hivyo hivyo." Basi, siku ikaisha. Nilitia sahihi nikiwa na furaha, mwanangu, ila daftari langu halina mahali pa kuandika furaha.

Na huo mlango, mama yako aliufungua kwa nyonga kila masika, mikono imejaa sahani. Mimi natumia bega kwa kuwa sina nyonga yake.

Nipo vizuri hapa. Niache hapa.

Baba yako


4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Mjukuu wako ameanza kuandika jina lake ukutani, kwenye rangi nyeupe, unaweza kukisia ya chumba kipi.

Barua yako ilinipa kazi. Nikajaribu mwenyewe, siku moja, kwa mtindo wako: Lifti imekufa, nimepanda ghorofa nne na kabichi mbili. Maziwa yamefurika jikoni. Jirani wa juu anaburuta meza, nadhani anaipeleka matembezi. Ofisini mhuri umepotea, umekutwa kwenye mkoba wa aliyekuwa anautafuta. Nilipoisoma nilijionea huruma, na Baba, ilikuwa siku nzuri. Tulicheka mezani mpaka mume wangu akapaliwa.

Kwa hiyo hapo nimekuelewa. Kuna moja sijaelewa. Mtu anayetaka kubaki kwake anaweza kuanguka asubuhi, akajifuta vumbi, akaandika tarehe na kutia sahihi. Nitajuaje? Ukurasa mtupu wa mtu aliye salama na wa mtu anayeficha unafanana. Mama alificha maumivu yake miezi mitano kwa kusema "sijambo". Nilimwamini kila mara.

Gari liko pale pale, tarehe 20.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Ghorofa nne, na lifti imekufa? Goti limesoma barua yako likakataa kabla yangu.

Nimemaliza mzaha. Hilo la mama yako ni kweli, na mimi nililala naye kitanda kimoja nikadanganyika kama wewe. Sina hasira kwamba umeuliza.

Sijakusimulia hili. Mwaka uliozaliwa niliacha vali namba mbili wazi. Chumba cha pampu kikajaa maji mpaka kifundoni, nikayatoa peke yangu kabla mwenzangu wa zamu hajafika. Sakafu ikakauka. Hakuna aliyejua. Nilikuwa karibu kupandishwa cheo, na mama yako amejifungua. Nikaandika: "Vali namba mbili imeachwa wazi. Kosa ni langu." Cheo akapewa mwingine. Mama yako alininunia siku mbili, ya tatu akasema, "Angalau najua nimeolewa na nani."

Njooni na gari. Shajara itakuwa mezani, yote, isome unavyotaka, muulize umtakaye. Ukikuta siku moja nimetia sahihi juu ya uongo, nitabeba sanduku langu mwenyewe na kwenye gari nitakaa mbele.

Baba yako


28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Tumefika salama, nyuma ya gari hamna kitu ila lile boga ulilotulazimisha. Lifti bado imekufa. Boga limepanda mgongoni mwa mkweo, shingo ileile.

Ulipokwenda kununua mkate nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikamwendea fundi cherehani, nikamhoji kama polisi. Alizima redio, ndipo nikajua kuna neno. Akasema, "Dada, mimi si mtu wa kuchongea. Lakini Jumatatu mzee alipanda stuli kurudisha fimbo ya pazia. Stuli ikaenda huku, yeye kule. Mimi ndiye niliyemwinua. Tafadhali usiseme umesikia kwangu."

Baba, nilirudi moja kwa moja kwenye shajara. Jumatatu ilikuwa tarehe 15. Siku tano kabla ya gari. Ulikuwa na kila sababu ya kuiacha tupu. Nikafungua ukurasa nimefumba jicho moja.

"15. Nimepanda stuli kwa ajili ya pazia. Nimeanguka. Kiwiko kimechubuka. Fundi cherehani ameniinua. Nilionywa nisipande. Kosa ni langu."

Nililia pale mezani. Uliporudi na mkate ukaniuliza ni nini, nikakuambia ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu, na nadhani ulijua.

Haya, masharti tumeshapatana, nayaandika ili yawe daftarini. Chuma cha kushikia alichofunga mume wangu bafuni, unakishika. Zulia la mpira halitoki. Stuli iko kwa fundi cherehani, na ufunguo wa akiba anao yeye. Kila wiki mbili barua, iwe na jambo au isiwe nalo.

Mlango nilitaka urandwe. Mume wangu ameshashika randa mkononi, mimi natoka jikoni na sahani sita, nikausukuma bila kufikiri. Kwa nyonga, Baba. Ukafunguka mara moja. Nikasimama pale na sahani zangu, kisha nikamwambia aweke randa chini.

Na yule Kesho! Kuja siku ambayo hakuna aliyemwita, akalitengeneza bomba kwa dakika kumi, akakataa hata chai kwa kuwa ana haraka. Nitamsimulia mjukuu wako akikua.

Chumba cheupe kipo. Ni cha kutembelea, lifti ikipona.

Nasubiri barua yako.

Mwanao, Bi Maswali


12 Mei









Baba yako