Nyuma ya Tuta

Mdogo wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapopanga uwanja wa kulenga shabaha ni kuanza na mahali atakaposimama mpigaji. Huanza na kivuli, viti na pa kunywea chai. Anayeijua kazi huanza na mahali risasi itakapokomea, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwa mpigaji.

Unaona, nimeanza kufundisha kabla ya kusalimu. Uliwahi kusema kwamba hata msibani ningesahihisha mpangilio wa viti. Basi nisamehe. Hujambo? Goti linaendeleaje? Wajukuu wanakusikiliza, au wamekuwa kama sisi? Mimi ni mzima wa mwili, ila ya karibu siyaoni tena bila miwani, na moyo umenichafuka miezi minne sasa. Nitakueleza kwa utaratibu, maana kueleza kwa njia nyingine sijui.

Klabu ya shabaha ilinijia baada ya kusikia kuwa kuna mpima ardhi mstaafu amekaa bure na rula zake. Mwenyekiti wao wanamwita Kanali, ingawa maisha yake yote alikuwa mtunza stoo wa hoteli; jeshi ameliona kwenye gwaride tu, kama mimi na wewe. Niliwachorea uwanja unaotazama magharibi, uelekee kwenye kile kilima kirefu, ukuta ambao hakuna fundi angeweza kuujenga. Mbele ya kilima niliweka tuta la mchanga uliochekechwa, kwa kuwa jiwe hurusha risasi kusikojulikana.

Kanali akakataa. Alisema wanachama hupiga jioni baada ya kazi, na jua litawachoma macho. Akataka uwanja ugeuzwe, utazame mashariki. Nikamweleza kwamba upande huo hakuna kilima, kuna mteremko tu, na kwamba hata risasi ya bunduki ndogo ya mazoezi ikilikosa tuta huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Jua lina dawa yake, nikasema, nayo ni kofia. Akawaambia wenzake kwamba mzee huyu anadhani tunakwenda vitani, na kamati nzima ikacheka. Tulibishana vikao vitatu. Walitaka kujenga tuta kwa vifusi vya ukuta uliobomolewa, mawe na nondo ndani, hilo nililishinda. Kuta za pembeni nazo nilizipata kwa mbinde. Kikao cha tatu nilichoka. Nikageuza ramani, kwa sharti kwamba tuta liwe na kimo cha mita tano.

Jumanne nilikwenda kulipima. Lilikuwa mita tatu na nusu. Kanali alikuwa amelikata juu, eti linazuia upepo wa verandani. Nikalipanda na viatu vyangu vya ofisini, mchanga ukiingia kwenye soksi, huku nikitafuna maneno ya kwenda kumtupia. Ndipo nilipoona, chini kwenye mteremko, bati jipya, tangi la maji la bluu na kamba ya nguo. Mwanamke alikuwa akianika shuka, akiegemea mguu wa kushoto kila anapoinuka, vile vile alivyokuwa akifanya mama yetu. Watoto wawili walikuwa wakikimbizana chini ya shuka. Mita mia nne, labda mia nne na ishirini. Ya mbali bado nayaona.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Kwenye ramani ile kuna mstari unaosema kwamba eneo la nyuma limekaguliwa na halina makazi. Mwandiko ni wangu. Sikukagua. Niliunakili kutoka kwenye ramani niliyoichora mwenyewe miaka ishirini iliyopita, wakati kule kulikuwa nyasi tupu. Na nilijua kwamba ulihamia upande ule, mdogo wangu. Nilijua tangu ulipomwita yule fundi anayepima kwa kamba akupimie kiwanja, nami kaka yako nipo, nikaapa kwamba mguu wangu hautakanyaga huko. Kukagua kungenifikisha mlangoni kwako. Nikaona heri niiamini karatasi.

Nilimtaka Kanali asimamishe kazi. Alinitazama kwa upole kabisa, akasema, "Mzee, sahihi si ni yako?"

Nikaenda ofisi ya ardhi kuifuta sahihi hiyo. Karani alinieleza, bila kuinua kichwa, kwamba mchora ramani hawezi kuipinga ramani yake mwenyewe. Anayesikilizwa ni mkazi wa jirani, kwa maandishi, na siku pingamizi linapopokelewa ndiyo siku uwanja unapofungwa. Bunduki za kwanza zitapigwa Jumamosi hii.

Nimekuandikia pingamizi hilo. Umo umbali wa nyumba yako, kimo cha tuta, na jina la aliyeandika uongo kwenye ramani, ambalo ni langu. Usilifute kwa huruma; bila hilo watasema ni maneno ya jirani mgomvi. Najua kwamba baada ya hapo hakuna atakayeniita kupima hata banda la kuku, na watu watasema aliyepima mji mzima alishindwa kuipima njia ya kwenda kwa dada yake. Acha waseme. Hawatakuwa wamekosea.

Nisalimie wajukuu, mdogo kwanza, asije akanuna. Waambie babu yao atakuja, na hatakagua kamba ya mtu. Ukinipa glasi ya maji nitashukuru, usiponipa nitaelewa. Sikuthubutu kuja kabla hujayasoma haya, ndiyo maana nimemtuma mwenye pikipiki, naye yuko hapo nje anakungoja.

Ndimi kaka yako, mwenye makosa. Itie sahihi karatasi iliyomo kwenye bahasha, uifikishe ofisi ya ardhi leo.