Barua ya shangazi mmoja imewafikia watano

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako na naomba haraka, maana leo asubuhi Shangazi Edvina wa Izimbya amenipigia simu kunitangazia kwamba gauni lake la kunisindikiza kwenye harusi limeshashonwa, ni la zambarau, na fundi ameshalipiga pasi.

Mimi ni Joyness, karani wa chama cha wakulima wa kahawa hapa Muleba, nina miaka ishirini na tisa, na tarehe 12 Desemba naolewa na Evarist, mwalimu wa kompyuta. Kwetu bibi harusi husindikizwa na shangazi mmoja, dada wa baba, ndiye anayemkabidhi kwa wakwe, na kwa kuwa baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu nafasi hiyo kwangu si ya mapambo, na siku zote nilijua ni ya Shangazi Kokuberwa wa Kishanda, mkubwa wa dada zote za baba, mwalimu mkuu mstaafu, aliyenichukua mwaka ule ule na kunilea mpaka nikamaliza chuo.

Mambo yalianzia kwenye laptop yangu, ambayo ilikuwa na Windows na imezeeka, unaiwasha, unakwenda kumenya ndizi, unarudi bado inajizungusha, ndipo Evarist akaiondolea Windows na kuniwekea Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ikawa nyepesi kama mpya. Kaka yangu Rugaibula, mwenye stesheni, duka la kuchapa na kutoa nakala, huko Hamugembe, alipoiona akasema, "Huyu hata harusi bado, ameshaanza kubadilisha vitu vya kwetu!" Evarist akamjibu, "Shemeji, nimefufua maiti, hata asante hunipi?" Tangu hapo kila Jumapili ni Windows na Ubuntu mpaka chakula kinapoa, nami nilikuwa nacheka tu.

Sasa, mashangazi wangu ni watano, na wote wana barua pepe kwa sababu ni mimi niliyewafungulia Krismasi ile walipopata simu mpya, na wote niliwahifadhi kwa jina moja, "Shangazi", maana siwezi kuandika "Kokuberwa" hivi hivi kama namwandika niliyesoma naye. Niliwatofautisha kwa picha. Nilipohamishia orodha kwenye Ubuntu majina yalikuja, picha hazikuja, programu ikaniuliza kama iunganishe majina yanayofanana, nikabonyeza ndiyo, tena nikafurahi orodha imekuwa fupi.

Ndipo nikamwandikia Shangazi Kokuberwa. WhatsApp haitaki, anaiita kelele, kwake barua ni barua, iwe na tarehe na salamu. Nikaandika, "Shangazi, nimefikiri sana, na katika mashangazi wote niliojaliwa, ni wewe peke yako ninayekutaka." Ikaenda kwa wote watano.

Wanne wamekubali. Shangazi Shamsa wa mjini Bukoba alipiga vigelegele kwenye simu: "Nilijua, waitu, mwanetu! Wale wengine wangekutia aibu, hasa Edvina na mdomo wake!" Edvina naye ananinong'oneza nisimwambie Shamsa, eti atalia. Wa Mwanza ameshaomba likizo hospitalini kwake, wa Dodoma anatafuta tiketi. Shangazi Kokuberwa peke yake amenyamaza, leo siku ya tisa, na yeye, tofauti na wenzake wa simu, husoma kwenye kompyuta ya mezani ambako anwani za wapokeaji zinaonekana zote juu ya barua. Namjua, amezihesabu.

Rugaibula anasema nirudi Windows na niwaambie mashangazi kwamba Ubuntu imewachanganya. Evarist anasema niseme ukweli ila Ubuntu nisiitaje. Mshauri, nifanye nini, nisimpoteze shangazi aliyenilea? Na kati ya mifumo hii miwili, nikae na upi?

Joyness, Muleba

MSHAURI ANAJIBU

Joyness, nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka. Mara ya pili nilitafuta mkosaji na nikampata. Windows haikuhusika. Ubuntu ilikuuliza swali ikasubiri jibu. Aliyebonyeza ndiyo ni wewe, na aliyetuma barua bila kusoma mstari wa wapokeaji ni wewe pia. Kwa hiyo ushauri wa kaka yako uache hapo hapo Hamugembe. Ukiwadanganya wanawake watano, mmoja wao mwalimu mkuu, utagundulika kabla hujakata simu.

Nianze na jepesi. Nimefanya kazi na mifumo yote miwili, katika ofisi zenye umeme na zisizo nao. Rugaibula abaki na Windows, kwa sababu wateja wake wanaleta kazi zilizoandikwa humo na wanataka zitoke kwenye karatasi kama zilivyo. Wewe baki na Ubuntu. Laptop yako ni ya zamani, kazi yako ni barua na orodha za wakulima, na fundi wako unaolewa naye. Hakikisha tu kwamba mashine ya kuchapia ya ofisini inaelewana nayo. Kaka yako na Evarist wote wawili wana haki, na wote wawili Jumapili wale chakula kwanza.

Orodha nayo irekebishe leo. Faili ulilolihamisha bila shaka bado lipo. Futa huyo "Shangazi" mmoja mwenye anwani tano, waingize upya mmoja mmoja, na safari hii andika "Shangazi Kokuberwa, Kishanda", "Shangazi Edvina, Izimbya", na kuendelea. Ukitanguliza neno shangazi hujamvunjia mtu heshima. Ulichofanya wewe ndicho kilichowavunjia, maana umewafanya watano kuwa mtu mmoja. Kisha weka nakala kwenye flashi. Programu ikikuuliza tena kuhusu majina yanayofanana, jibu hapana, halafu angalia kwa macho yako.

Sasa zito. Unasema Shangazi Kokuberwa amekataa? Husemi hivyo, na mimi sioni mahali alipokataa. Alipokea barua inayomwambia ni yeye peke yake, juu yake anwani nne nyingine. Ningekuwa yeye, ningenyamaza pia. Lakini nakushangaa, Joyness. Siku tisa umekaa unahesabu ukimya wa mtu aliyeko wilaya ile ile, unamwandikia mshauri wa gazeti, na bodaboda ziko nje ya ofisi yako!

Nenda Kishanda. Usimpigie, usimtumie chochote kabla. Chukua sukari na sabuni, na barua uliyoiandika kwa mkono, yenye tarehe na salamu kama apendavyo, na bahasha yenye jina lake kamili. Mpe, keti, acha asome mpaka mwisho. Akikuuliza zile anwani nne ni za nini, mweleze habari ya picha na kitufe, bila kupunguza. Nadhani atacheka kabla yako.

Akikubali, mwombe jambo la pili: awapange hao wanne yeye mwenyewe. Aliyepanga walimu na zamu zao miaka yote ile hatashindwa na wadogo zake. Wewe ukitoka hapo wapigie mmoja mmoja, kwa sauti yako, uwaambie barua ilikuwa ya dada yao mkubwa na unaomba radhi, na kwamba furaha yao umeiona na unaitaka harusini. Shamsa atapiga kelele, mwache apige. Edvina avae zambarau yake, hakuna aliyemkataza.

Na usisahau ulichonacho. Uliondokewa na baba ukiwa darasa la tatu, na leo dada zake wanne wanagombania kukushika mkono, wa tano anaumia kwa kuwa alitaka kuwa peke yake. Wengi wanaoniandikia hawana hata mmoja.

Kikao cha familia kwa kawaida hukaa mwezi mmoja kabla ya harusi, na hapo ndipo jina la msindikizaji husomwa. Kwa hesabu yangu ni Jumamosi, tarehe 14 Novemba. Kishanda uwe umeshafika Alhamisi, tarehe 12, kabla ya saa kumi jioni, ili upate muda wa kuwapigia wale wanne kabla ya kikao.