Tundu la Msumari wa Baba Otieno

Jumanne, 8 Aprili

Nimefagia ua, nimewatupia kuku mahindi. Ziwa limelala chini ya ukungu. Magugu ya maji yamesogea tena, ufuo wote wa Dunga umekuwa kijani, utadhani shamba. Kisha mvua. Zainabu, fundi cherehani aliyepanga chumba changu cha mwisho, ametoka na beseni kumwaga maji. Hakunisalimia. Namjua. Anataka paa litengenezwe.

Paa siligusi. Aliliezeka marehemu mume wangu, Baba Otieno, kwa mkono wake. Kwetu mjane hafungui paa la mumewe mpaka ndugu wa mume aje afungue bati la kwanza. Shemeji yuko kijijini, Asembo. Atakuja akija.

Ijumaa, 11 Aprili

Usingizi wa mchana. Nikamwona Baba Otieno juu ya mabati, nyundo mkononi, anacheka. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Nilimtania kutoka chini, akacheka, msumari ukaenda kando. Tundu likabaki. Ndilo hilo linalovuja kwa Zainabu.

Nimeamka mashavu yamelowa. Bado nampenda, yawa.

Jumapili, 13 Aprili

Natoka kanisani na tawi langu la mtende mkononi, Zainabu akanisimamisha langoni, mtoto mgongoni. "Mama Otieno, nimeuliza wakili. Paa na nyaya ni jukumu la mwenye nyumba. Mtoto wangu analala chini ya hayo maji."

Wakili! Mimi! Nikamwambia kama nyumba haimfai, njia anaijua. Akasema hata hilo sheria hairuhusu, kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika. Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Nimewaza kumpigia kufuli mlangoni. Nimewaza tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mungu wangu.

Mvua kubwa alasiri. Maji yamefuata waya, balbu ikalipuka. Vigae vya glasi vimejaa kitandani kwa mtoto. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mamake, amekataa kulala. Basi. Hilo tu ndilo lililomwokoa. Nimezima umeme wa ploti nzima. Zainabu hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Nikampigia shemeji aje upesi afungue bati. Akacheka. "Shemeji, hiyo ni ploti, si dala! Mila hiyo ni ya boma, na boma la ndugu yangu liko huku Asembo. Hiyo ni nyumba ya kupangisha. Ita fundi!"

Tangu mazishi nangoja ruhusa ambayo hakuna aliyeniomba niingoje. Naona aibu. Au labda nilikuwa nafurahi kungoja. Sijui.

Zainabu na mtoto wamelala kwangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Fundi wa umeme kwanza, kisha wa paa. Nimemwomba Zainabu msamaha mbele yao wote. "Yameisha, Mama," akasema, ila beseni hajaliondoa pale kitandani. Haki yake.

Bati lenye tundu likashuka. Jepesi, limeota kutu. Nikatia kidole tunduni, kikapita. Fundi akataka kulibeba akauze chuma chakavu. Nikamfokea, maskini, hakukosa kitu. Nimemwambia alipigilie juu ya banda la kuku.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua tangu asubuhi, ile ya polepole. Ziwa na mbingu rangi moja, huoni lilipoishia. Cherehani ya Zainabu inaenda. Ameniita niingie nione. Kukavu. Beseni sasa lina nguo za mtoto.

Nimesogeza kiti changu mpaka karibu na banda. Kuku wamelikwepa lile tundu, wamejibanza upande mmoja, wananinung'unikia. Tone. Tone. Nimekaa hapo mpaka chai ikapoa.