Bibi Yako Aliposhika Kiuno

Skola mjukuu wangu, marahaba. Hapa Katandala hatujambo. Bibi yako yuko uani anapepeta ulezi.

Umeuliza kuhusu neno la Kiingereza “akimbo”. Ni kusimama mikono kiunoni, viwiko nje. Siku hizi husemwa hata kwa miguu iliyotanuliwa. Asili yake haina hakika, ila yaelekea ni Kiingereza cha kale, kwa maana ya kitu kilichopinda kona kali.

Mkao huo niliuona kabla sijalijua neno lake. Nilipokwenda Kaoze kuposa, baba mkwe alimwita binti atoe jibu. Kwa mila yetu, ishara ya kukubali ilikuwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu. Bibi yako akasimama, mikono kiunoni. Wazee wakaguna. Mimi, mwandishi wa habari, nikaamini nimekataliwa.

“Unamkataa?” baba yake akauliza.

“Hapana, baba. Nangoja aseme kama ataniacha nikasomee ualimu.”

Shangazi yake akacheka. “Haya, bwana mwandishi, leo unahojiwa wewe.”

Nikasema nitampeleka mwenyewe. Akashusha mkono mmoja. Wa pili aliushusha siku tulipofika langoni mwa chuo.

Babu yako