Mwambie Oluoch Apande

Mashimoni, Kibera

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limepata nafuu. Huku kwetu tunasukuma maisha, tunamshukuru Mungu.

Nimesikia mvua imenyesha vizuri huko na wewe umeshapanda shamba lako. Nimesikia pia kwamba Oluoch amelima lake, amenunua mbegu na mbolea kwa bei isiyoshikika, halafu ameketi. Ananingoja mimi, kaka yake mkubwa, nije nipande kwanza kama desturi yetu inavyotaka. Mwaka jana nilichelewa, mvua ikakatika, na watoto wake wakala mahindi ya kununua. Jambo hilo linaniuma sana, Mama.

Sasa cheka kidogo. Juzi nilijaza udongo kwenye gunia, nikapanda mahindi hapa mlangoni, nikajiambia basi, nimeshapanda, Oluoch yuko huru. Jirani yangu Mutheu, mwenye magunia yake ya sukuma wiki, alicheka hadi akashika ukuta. Alisema buda, hiyo mahindi labda uchome tu ule, kwenu haiwezi kuhesabika. Nilinuna, lakini nilijua amesema kweli.

Kwenye simu nimekuwa nikikwambia kazi imenibana. Nilikudanganya, Mama. Nilianguka mjengoni kule Kawangware, mguu ukavunjika. Nimefungwa plasta mpaka pajani na daktari amenikataza safari. Nilikuficha kwa sababu nakujua: ungeacha kila kitu upande basi la kuja huku kesho yake. Hata leo nimeshindwa kupiga, maana ungeniita jina tu, nami ningelia.

Mwambie Oluoch apande leo. Najua unachoogopa. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa shambani ila mkubwa akiwa amekufa, na tangu tumzike Baba hutaki kabisa kusikia jambo linalofanana na hilo. Lakini afadhali nitanguliwe kuliko watoto wa ndugu yangu walale njaa kwa ajili ya heshima yangu. Collins, anayekuletea barua hii, ameniona kwa macho yake. Muulize kama sikumaliza ugali wote tukila pamoja.

Nisalimie wote hapo bomani, na Oluoch umwambie asinikasirikie. Nakupenda sana, Mama.

Ni mimi mwanao, niliye hai,

Dalmas