Jozi Nilizozibadilisha Siku Uliyozikwa

Kaka Elisante,

Shikamoo. Najua ungejibu, "Umeharibu nini tena?" Basi tulia, nitakusimulia.

Kwanza, karakana bado iko wazi. Shemeji, mkeo, hajarudisha chumba kwa mwenye nyumba. Hapa Gerezani majirani wauza spea wananiita injinia, na mimi siwasahihishi. Kwa nini niwasahihishe? Fundi mkuu sasa ni mimi, niliyekuwa mwanafunzi wako. Nuna huko huko.

Unakumbuka tulivyogombana Jumamosi ile? Kile kifaa cha duka la dawa pale Kariakoo, cha kupima ubaridi wa friji na kupeleka taarifa kwenye kompyuta ya bosi kwa waya wa mtandao. Kutoka kwenye chipu kwenda kwenye soketi kuna njia nne: jozi ya kutuma na jozi ya kupokea. Ulivyoipanga chipu, jozi zilikuwa zinapishana. Na bodi zetu hizi, za kuchapa mchoro kwenye karatasi, kuuhamishia kwenye shaba kwa pasi na kutumbukiza kwenye dawa ya kahawia inayokula shaba isiyotakiwa, zina shaba upande mmoja tu. Njia haiwezi kuruka njia nyingine. Wewe ukataka tuunge vipande vya waya kwa juu, kama madaraja. Mimi nikasema tubadilishane jozi tu: ya kutuma iende mahali pa kupokea, ya kupokea iende mahali pa kutuma, zote zinyooke. Chipu hii mpya inatambua yenyewe na kujirekebisha.

"Imeandikwa wapi?" ukauliza.

"Mtandaoni."

"Wewe wa Form Two, Kiingereza unakisikia kwenye mahubiri tu. Kila waya una mahali pake. Acha kujimwambafai."

Nikaondoka bila kukuaga. Jumapili presha ikakuchukua.

Sasa nisikilize, kaka. Alhamisi, jeneza lako lilipopandishwa kwenye gari kwenda kwenu Machame, nilimwambia Shemeji nina homa. Sikuwa na homa. Mwenye duka alikuwa amesema anasubiri mpaka Jumamosi, baada ya hapo anampa kazi fundi mwingine. Kazi nyingine hatukuwa nayo. Ikienda ile, chumba kinaenda. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini wewe sikufichi: nilitaka pia kushinda. Nilitaka kukuonyesha kuwa jozi zinabadilishika, na wewe hukuwepo hata kubisha.

Ijumaa asubuhi nikachora, nikapiga pasi, nikachoma kwa dawa, nikatoboa, nikachomelea. Nikachomeka waya. Taa ya kijani ya kwenye soketi kimya. Nikarudia kuchomelea. Kimya. Simu ikatoa mlio wa ujumbe: picha kutoka kwa binamu yako, wanakushusha kaburini, migomba nyuma yao. Nikakaa kwenye stuli yako. Nikasema, nimeacha kumtupia udongo kaka yangu kwa sababu ya hiki kidude, na chenyewe hakiwaki.

Sikuwahi kujiona mjinga hivyo. Hata siku ile niliyonunua viatu vya mtumba Mchikichini, cha kushoto arobaini na mbili, cha kulia arobaini na moja, ukacheka mpaka mkaanga chips wa nje akaja kuuliza kuna nini.

Nikaiangalia tena ile bodi, taratibu, jinsi ulivyokuwa unaangalia wewe, kidole kikifuata njia. Nikaona. Nilipokuwa nakwepa tundu la skrubu, nilichukua njia moja ya kutuma nikaiweka pamoja na moja ya kupokea. Nilidhani chipu ikishajua kujirekebisha, itarekebisha lolote. Kumbe inakubali jozi nzima ihame, haikubali uichane katikati. Ungekuwepo ungeliona kosa hilo kabla pasi haijapata moto.

Nikachora upya. Jozi nzima kwa jozi nzima, njia mbili mbili, hakuna daraja hata moja. Alasiri nikachomeka. Taa ikawaka, ikaanza kupepesa. Nikapiga kelele, "Eli, umeona?"

Nikageuka kabisa, kaka. Niligeuka kukutazama.



Kifaa kinafanya kazi. Mwenye duka amemleta na mwenzake, naye anataka kama hicho. Kinachonisumbua ni Shemeji. Aliporudi kutoka msibani alinibebea ndizi, akanigusa paji la uso, akauliza, "Homa imeisha, mdogo wangu?" Nikasema imeisha. Mpaka leo ananihimiza nilale kwenye neti.

Desemba, Wachaga wenzako wakianza kupanda mabasi kwenda nyumbani, na mimi, nisiye Mchaga, nitapanda na Shemeji. Nitamwambia Shemeji ukweli kabla hatujafika Moshi, anishushe njiani akitaka, nitamalizia kwa miguu. Nitakuja mpaka hapo ulipo niweke udongo wangu, hata kama kaburi limeshasakafiwa nitaumwaga pembeni.

Lala salama, kaka. Kuhusu zile jozi nilikuwa sahihi, na hilo nitalisema hapo hapo kaburini kwako, kwa sauti. Halafu nitapiga magoti nikuombe radhi kwa Ijumaa ile.

Mdogo wako,
Hamisi